Valvu Ifungwe

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na shemeji pamoja na wapwa zangu wote hawajambo. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na kwa kuwa wewe hukubali mtu akuambie hajambo kisha akanyamaza, nitakueleza yote kwa utaratibu wake. Barua hii nimeiandika mara mbili na kuichana mara mbili. Kila mara ilianza kwa hasira ikaishia kwa hasira, na ni wewe uliyenifundisha kwamba hasira isiyo na hoja ni kelele tu.

Uliniuliza kama cheo kipya kimenikaa vizuri. Najua walimu wenzako wamekwisha kusikia kwamba mdogo wako, aliyeanza kwa kushika spana, sasa ni Mkuu wa Mafunzo katika kiwanda kinachofua mashuka na sare za hospitali nne. Cheo kimenikaa, dada, kama koti la kuazima: mabega yanaenea, lakini kila ninapoinua mkono nasikia mshono ukilia.

Nianze na namna watu walivyokuwa wakijifunza kazi kabla mimi sijapewa ofisi. Yupo mama mmoja, mwendesha mashine kubwa za kufulia, ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi. Hata meneja humwita hivyo siku anapotaka jambo. Ana miaka ishirini na mitatu kwenye mashine hizo. Mgeni akiajiriwa alikaa naye majuma mawili. Siku ya kwanza hakumruhusu kugusa kitufe chochote. Alimwekea kiganja ubavuni mwa mashine na kumuuliza anasikia nini. Mgeni akijibu kwamba hasikii kitu, Shangazi alimwambia mashine ni kama mkwe: hailalamiki mbele yako, inanuna tu, na ukichelewa kugundua kwamba imenuna utaondoka na aibu. Watu walicheka, lakini baada ya majuma mawili waliweza kutambua mashine iliyonuna wakiwa mlangoni. Nimepitia kumbukumbu zote. Katika miaka hiyo ishirini na mitatu, hakuna aliyefundishwa naye aliyeharibu mashine wala kumuumiza mwenzake.

Sasa sikiliza thamani ya elimu hiyo katika hesabu za kiwanda: sifuri. Fomu ya mafunzo ina nafasi ya jina la mkufunzi mwenye sifa, jina la ukumbi na idadi ya saa. Haina nafasi ya kiganja. Mwaka huu meneja aliahidi wakubwa wake kwamba wafanyakazi wote, asilimia mia, watakuwa wamepata mafunzo kabla ya mashine mpya kuanza kazi. Akatoa agizo kwamba mafunzo yasiyo rasmi yakome. Majuma mawili ya Shangazi yakafutwa kwa sentensi moja, na mahali pake ikawekwa siku moja.

Siku hiyo naikumbuka kwa uchungu. Akaletwa mtaalamu aliyevaa vizuri na kusema vizuri, ambaye mpaka anaondoka hakuwahi kushuka ngazi kuiona mashine. Ukumbi uko ghorofani. Mashine ziko chini yake, na siku nzima tulihisi sakafu ikitetemeka kwa kitu ambacho tulikuwa tukionyeshwa kwa picha. Na picha zenyewe zilikuwa za mashine ya aina nyingine. Mpakiaji mmoja, mwanamke mcheshi anayejaza mashuka kwenye mashine, alinong'ona kwamba hii ni kama kuposa kwa picha ya jirani. Waliotoka zamu ya alfajiri walisinzia wameshika kalamu. Mahudhurio yalisainiwa wakati wa kuingia, si wakati wa kutoka. Waliosaini walikuwa tisini na sita. Viti vya ukumbi ule, nimevihesabu mwenyewe, ni themanini. Vyeti vilikuwa vimechapwa juma moja kabla.

Mtu alipoinua mkono, mtaalamu alieleza kwa upole kwamba maswali hukata mtiririko, na kwamba kila mwenye swali aliandike na kulitia katika Sanduku la Maswali. Lilikuwa sanduku zuri la mbao lenye kufuli. Meneja alipigwa picha kando yake. Picha ile ipo katika taarifa ya mwaka, ukurasa wa nne, na chini yake pameandikwa kwamba kiwanda chetu husikiliza.

Hapa lazima nikueleze kidogo juu ya mashine, maana aibu yote imekaa mahali padogo. Mashine mpya huchemsha maji kwa mvuke, na juu yake ina kipande cha chuma kiitwacho valvu ya kupumulia, ambacho hutoa mvuke unaozidi. Kila Jumamosi kipande hicho huchomolewa ili kisafishwe, na Jumatatu hurudishwa mahali pake. Kina mkono mdogo wa kuzungusha. Ukizungushwa kulia, njia ya mvuke huzibika. Mashine za zamani hazikuwa na mkono huo. Maelekezo yaliyotoka kwa watengenezaji yalitafsiriwa, yakachapwa kwa herufi kubwa, yakabandikwa ukutani kando ya mashine kabla ya siku ile ya mafunzo. Mstari wa sita unasema: "Valvu ya kupumulia ifungwe kabla ya mashine kuwashwa."

Wewe ni mwalimu wa lugha. Huenda umekwisha kuona. Juma la kwanza mashine mpya ziliwashwa na mafundi waliozileta. Jumatatu ya juma la pili, wao wakiwa wameondoka, Shangazi alirudisha valvu mahali pake, akaikaza ipasavyo, kisha akasimama mbele ya ukuta, akasoma mstari wa sita, akazungusha mkono kulia. Akafunga. Mvuke ukakosa pa kutokea. Baada ya dakika chache mpira wa mfuniko ulipasuka, na mvuke ukamwunguza yule mpakiaji mcheshi mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi vidole. Madaktari wanasema vidole viwili huenda visikunjike tena. Nilipomtembelea aliniambia kwamba angalau sasa ana sababu ya kutosaini mahudhurio. Nilishindwa kucheka.

Kamati ya nidhamu iliundwa siku ya pili, na taarifa yake ya awali ilikuwa na aya tatu. Mfanyakazi alihudhuria mafunzo. Mfanyakazi ana cheti. Kwa hiyo ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi, na inapendekezwa aachishwe kazi. Amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Cheti tulichompa kwa makofi na picha, tukamwambia akakiweke ukutani watoto wakione, ndicho kilichogeuzwa ushahidi wa kumshtaki. Nikafahamu kazi halisi ya vyeti vile. Havikutolewa ili mtu ajue. Vilitolewa ili siku mambo yakiharibika awepo mtu ambaye hawezi kusema kwamba hakujua. Kumfundisha mtu ni kubeba sehemu ya kosa lake. Sisi tulitafuta njia ya kumfundisha ambayo ingemwachia kosa lote.

Fundi mkuu, ambaye ulimi wake hauna breki, alinikuta uani akanieleza jambo ambalo kamati haikuuliza. Alisema kwamba huku kwetu karakana tunafunga pampu, tunafunga mota, tunafunga taa. Ukimwambia fundi afunge valvu, atachukua spana na kuiweka mahali pake. Lakini ukimwambia mtu wa mashine afunge valvu, atazungusha mkono, kama mtu afungaye bomba. Neno ni moja, vyumba ni viwili. Kisha akacheka, akasema aliyetafsiri karatasi ile bila shaka ni yule mtaalamu mwenye tai, kwani mtu aliyewahi kusimama karibu na mashine angeandika "ipachikwe" na kumaliza maneno. Nilimjibu kwamba huenda. Hilo ndilo neno nililomjibu, dada: huenda.

Aliyetafsiri karatasi ile ni mimi.

Nilikaa nayo siku nne. Nilipima kila neno, nikajisifu kwamba sikuacha hata neno moja la kigeni bila kulipatia la kwetu. Nilipoandika "ifungwe" masikioni mwangu lilisikika kama linavyosikika karakana, nilikokulia kikazi. Haikunipitia akilini kwamba atakayelisoma hakukulia huko. Hilo ni kosa, na kosa la namna hiyo wewe ungelisamehe kwa wino mwekundu. Lakini halikuishia hapo, na ningekuwa nakudanganya kama ningeliachia hapo.

Ufunguo wa Sanduku la Maswali ulikuwa kwangu. Meneja hakujishughulisha nalo tena baada ya picha. Mimi nililifungua jioni ileile ya mafunzo, nikakuta swali moja tu, limeandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia shule ya msingi. Nalinukuu lote: "Mstari wa sita, ifungwe maana yake iwekwe au izibwe? Naona kama ikizibwa mvuke utakosa njia. Shangazi." Alikuwa ameona. Kabla mashine mpya haijawashwa hata mara moja, kwa picha za mashine isiyo yake, mama yule alikuwa ameona.

Nami nilikasirika. Nataka ulijue hili kama lilivyo. Sikukasirika kwa sababu amekosea, bali kwa sababu mtu wa chumba cha kufulia alikuwa akinisahihisha Kiswahili. Nikachukua kalamu nikaandika chini ya swali lake: "Maelekezo yako wazi. Soma tena kwa makini, ufuate kama yalivyoandikwa." Nikaweka sahihi ya cheo. Siku iliyofuata nikamrudishia karatasi yake kwa mkono wangu mwenyewe, naye akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru. Akasoma tena kwa makini. Akafuata kama yalivyoandikwa.

Na juma lililopita, nilipoitwa mbele ya kamati na kuulizwa kama mfanyakazi huyu alipewa mafunzo na nafasi ya kuuliza maswali, nilisema ndiyo. Yote mawili ni kweli, ukiyapima neno kwa neno. Meneja alinipa mkono nilipotoka. Kwa hiyo hasira uliyoisoma katika kurasa hizi usidhani ni ya mtu aliyesimama pembeni. Nimewalaumu wenye ukumbi na vyeti, na sifuti hata herufi. Ila wao hawakuulizwa. Aliyeulizwa ni mimi.

Jambo moja lilininyima usingizi: kwa nini Shangazi hakuitoa karatasi ile yenye jibu langu mbele ya kamati? Ingemwokoa kwa dakika moja. Nikadhani ameipoteza. Juzi nilikwenda kwake. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima, akanifutia kiti. Nilimweleza nilichokuja kusema, nami sikukieleza vizuri kama ninavyokuandikia wewe, nilikata maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliingia ndani akarudi na ile karatasi. Ilikuwa ndani ya bahasha ya cheti, imekunjwa mara nne. Alikuwa nayo siku zote.

Nilimuuliza kwa nini basi. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba aliisoma tena na tena usiku baada ya ajali, akaona wazi kwamba msomi kama mimi asingeweza kuandika vibaya; bila shaka ni yeye ambaye hakuelewa, na hakutaka kwenda mbele za watu kuonyesha kwamba aliambiwa asome tena na bado hakuelewa. Miaka ishirini na mitatu ya kusikia mashine kwa kiganja, na sisi kwa siku moja na karatasi moja tulimfanya asiyaamini masikio yake. Katika mafunzo yale yote, dada, hilo ndilo somo pekee lililoingia.

Nilipomwomba anipe karatasi alisita. Alisema: usijiharibie, mwanangu, wewe bado una safari ndefu. Ilinibidi niombe mara tatu.

Asubuhi ya leo nimeikabidhi kwa mwenyekiti wa kamati pamoja na maelezo yangu ya kurasa mbili. Nimeandika kwamba ushahidi wangu wa kwanza ulikuwa wa kweli na wa kupotosha, na kwamba naufuta. Nimeandika pia kwamba karatasi yoyote ya maelekezo isibandikwe kabla haijasomwa kwa sauti, kando ya mashine, na yule atakayeitumia. Na kwamba mtu asihesabiwe amefundishwa mpaka afanye kazi ile mbele ya mwenzake anayeijua, hata kama asilimia mia itashuka ikawa kumi. Mwenyekiti alisoma, akaniuliza kama ningependa kuichukua nikaifikirie kwanza. Nilimwambia nimekwisha kuifikiria. Akauliza kama najua kwamba kiwanda hakitakuwa na namna ya kuniacha kwenye kiti kile. Nikasema najua. Kamati inakaa tena Alhamisi.

Sikuombi unifariji, na ukinifariji sitakuamini. Nakuomba tu uniandikie kama mwalimu, unieleze unavyofanya mwanafunzi anapokusahihisha mbele ya darasa, kwa maana inaonekana sikuwahi kukuuliza.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu mmoja mmoja, na wenzako wa shuleni. Na kama watauliza habari za cheo changu, usiwafiche. Uwe na afya njema, dada, na Mungu akuzidishie subira juu yangu.

Ni mimi mdogo wako,
anayejifunza