Jina la Nane Kwenye Jiwe

Jumatano jioni, Agosti

Haiwezekani. Jiwe la shule la kuwakumbuka wanafunzi wa zamani waliokufa vitani Burma lilikuwa na majina saba. Leo nimehesabu manane. Hilo jipya ni la babake mwenyekiti wa kamati yetu ya shule.

Nimemshuku mwenyekiti siku nzima kuwa amedanganya, hata chai ya saa nne ikanipoa mkononi. Mwenyekiti ni mdogo kwangu, na mimi nilizaliwa miaka mitatu baada ya vita kuisha. Mtu aliyezikwa Burma angemzaa vipi?

Nilipotoka shule nikapitia kwa Mama kumweleza, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Mamake alibaki mjane, akachukuliwa na shemeji yake. Watoto wakahesabiwa ni wa marehemu. Wewe na ualimu wako wote hujui hayo?"

Mama akaacha kuchambua mboga, akatazama nje, Baba alikokuwa akikamua ng'ombe.

"Na jina la kaka mkubwa wa baba yako," akauliza polepole, "bado liko?"

"Liko. La kwanza juu."

"Basi kesho ulipanguse vumbi. Nawe unahesabiwa wake."

Baba akaingia na maziwa. Nilishindwa kumwangalia usoni.

Njia nzima nimekuwa nikihesabu miaka yangu.