Tambi za Kichina kwa Sajini

Kirimi, rafiki yangu,

Jana nilikula chakula cha Kichina hapa Meru mjini, na hakikushuka. Yule mzee tunayemwita Sajini, aliyepigana Burma, amefungua hoteli, na anapika tambi ndefu alizofundishwa na Wachina huko vitani. Mwalimu Mutwiri na Koome fundi cherehani walinivuta twende. Sajini huacha dirisha wazi, na nyama hatii hata kidogo, maana siku hizi za hali ya hatari wanaume wakila nyama pamoja, homgadi, wale askari wa kijiji wa serikali, husema wanalishana kiapo cha waasi wa msituni. "Ni kabeji na mayai tu!" alitangaza, barabara nzima isikie. Mutwiri akauliza, "Hii ni chakula ama ni minyoo?" Tukacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha Koome akasema, "Kirimi angemaliza yake na ya Sajini." Akanishika bega. "Pole. Wewe hata hukuwa huko siku walimchukua."

Nikaitikia kwa kichwa.

Wewe unajua nilikuwako. Mke wangu alikuwa amejifungua, nikachinja mbuzi apate supu. Mbavu tukazichoma nyuma ya migomba, mbali na wanawake, kama baba zetu. Wewe ulitaka tukae uani, watu watuone. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania desturi. Homgadi walikukuta peke yako, mimi nimeenda kuchota maji. Niliporudi wakaniuliza kama nilikula nawe. Nikasema sikula. Sikusema hata kwamba mbuzi ni wa supu ya mzazi. Ulinitazama, midomo inang'aa mafuta, ukanyamaza. Wakasema ni nyama ya kiapo, wakakufunga kamba, ukaenda kufia kambini.

Mtoto sasa anatembea. Nilimpa jina lako, na watu wananisifu kwa urafiki. Natamani ardhi ipasuke! Mama yako akinikuta kanisani hunitemea mate ya baraka kifuani, akisema nimebaki mimi tu wa kumkumbuka mwanawe. Nami husimama pale napokea.

Siwezi tena, Kirimi. Kesho nakwenda kwake Kianjai. Nitamwambia tulikula wawili, na kwamba niliogopa nikakukana. Nakuahidi, sitarudi njiani. Huenda akapiga mayowe, homgadi wakasikia, nami wakanichukua. Na wanichukue.

Kwaheri, ndugu yangu. Kambi siiogopi tena. Ninachoogopa ni mama yako kusikia yote, kisha anibariki vilevile.

Mugambi