Nusu ya Mionzi

Rangwi, 9 Februari 1992

Mdogo wangu Tobia,

Nakusalimu kwa Kishambaa chetu: onga mshi. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la soko la huko Dar? Sisi ni wazima, ukiniondoa mimi. Shemeji yako Paskali anakusalimu, na Jackline pia.

Nakuandikia jambo ambalo mwanamke hamwandikii ndugu yake wa kiume, lakini dada sina. Hedhi yangu ilikoma zamani, na sasa damu imerudi. Mwaka mzima nimenunua vidonge katika duka jipya la dawa pale Lushoto. Hawakuniuliza swali; walinipa vya rangi hii, visipofaa wakanipa vya rangi nyingine. Juzi mtawa muuguzi amenipima. Alinawa mikono, akasema, "Mama Jackline, hii ni kansa ya mlango wa kizazi. Kisu hakitoshi. Unahitaji mionzi, na mionzi iko Dar es Salaam tu."

Nikamwuliza, "Nchi nzima?"

"Nchi nzima."

Nifanyeje?

Dada yako,
Secilia

Dar es Salaam, 20 Februari 1992

Dada Secilia,

Shikamoo. Pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa chini juu ya magunia ya kabichi.

Shuka. Usingoje palizi. Nimekwenda hospitali kuuliza. Wagonjwa wametoka Bukoba, wametoka Songea, wanalala uwanjani kwenye majani wakisubiri zamu. Lakini mashine inafanya kazi, na ugonjwa huu ukiwahiwa unapona; daktari ameniambia mwenyewe. Utalala chumbani kwangu. Mimi nitalala sokoni.

Mdogo wako,
Tobia

Rangwi, 3 Juni 1992

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefika salama. Uliponipandisha basi ulilia, nikajifanya namtazama kondakta.

Watu wote wananiuliza kama nimepona, nami sijui niwajibu nini. Nawaambia mashine imekufa mimi nikiwa katikati ya dawa. Wanacheka, wanadhani ni utani. Daktari alisema, "Nendeni nyumbani, tutawaita ikitengenezwa. Alama msizioshe." Basi nazilinda zile alama za wino wa zambarau walizonichora kiunoni. Naoga juu, naoga chini, kiuno nakiruka. Zikififia Paskali anazipitia kwa kalamu ya Jackline. Mkono wake umezoea jembe, mistari inapinda.

Damu imepungua. Jana nimepalilia maharage. Huu ugonjwa umeshapigwa, Tobia, umelala chini. Wakinimalizia tu hautainuka. Kila basi likipanda kutoka Lushoto namtuma Jackline aulize barua.

Dada yako,
Secilia

Dar es Salaam, 19 Julai 1992

Dada,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nimekawia kuandika kwa kuwa sikuwa na la kuandika. Kila nikienda hospitali jibu ni lile lile: kipuri kimeagizwa nje. Bandarini yanashushwa magari, televisheni, nguo za mitumba, hata maji ya kunywa ya chupa kutoka Ulaya. Siku hizi kila kitu ruksa. Kipuri chako tu ndicho hakijapata meli.

Tajiri mmoja wa hapa sokoni, mkewe alikuwa na ugonjwa kama wako. Alimpandisha ndege akatibiwe nje. Amerudi amenenepa, jana alikuja kuchagua peasi zetu. Hazikumpendeza, akasema hazijaiva.

Vumilia kidogo, dada yangu.

Mdogo wako,
Tobia

Rangwi, 30 Agosti 1992

Tobia,

Marahaba. Habari za mke wa tajiri ungebaki nazo huko huko.

Damu imerudi, na safari hii ina harufu. Kanisani nakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Zile alama nimeziosha. Nilichemsha maji nikajisugua kwa sabuni na jivu mpaka ngozi ikawaka. Paskali akauliza, "Wakikuita je?" Nikamwambia, "Watachora nyingine. Wino hawajakosa."

Usiniandikie tena nivumilie. Mama yetu alikufa kwa ugonjwa usio na jina, tukasema ni Mungu. Mimi wangu una jina, dawa yake ina jina, na nusu yake nimeshaipata. Nimsingizie Mungu?

Secilia

Dar es Salaam, 12 Oktoba 1992

Dada!

Shikamoo. Mashine imepona! Tangu juzi wanaingiza watu. Nimewatajia jina lako, wakasema uje upimwe upya. Shuka Mombo upesi, upande basi lolote. Nakungoja kituoni.

Mdogo wako,
Tobia

Rangwi, 4 Novemba 1992

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Mvua ilikata barabara, barua yako imechelewa kupanda. Namwambia Jackline maneno, yeye anaandika.

Sitashuka. Kukaa siwezi, mguu mmoja umevimba kama gogo. Daktari wa wilaya amenishika tumbo, akamwita Paskali nje. Paskali alirudi ndani akaanza kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Anayekuletea barua hii ni Mariamu, jirani yangu. Damu yake imeanza juzijuzi tu, naye alikuwa anaificha. Nilimwonyesha shuka yangu. Mpeleke hospitali asubuhi ile ile. Mashine ikiharibika tena, usimruhusu kurudi huku. Alale chumbani kwako hata mwaka. Mlimani hakuna anayeitwa.

Dada yako,
Secilia

Dar es Salaam, 20 Desemba 1992

Dada,

Shikamoo. Mariamu amemaliza mionzi yote. Daktari ana matumaini naye makubwa. Kesho anapanda basi, nimempa khanga zako mbili ulizoziacha kwangu.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa kwako sijawahi kujificha. Siku alipotoka chumba cha mashine mara ya mwisho, akicheka na wauguzi, nilimchukia. Alinishika mikono, "Ahsante, Mungu akubariki," nami nikaitoa. Hajakosa lolote. Nilitaka tu mlango ule ufunguke utoke wewe.

Barua mbili nimekutumia, hujajibu, wala Jackline hajaandika. Labda ni barabara. Mwaka huu nimesubiri vya kutosha na kukusubirisha wewe. Jibu la hii silingoji. Nimemwachia mwenzangu meza, nami kesho napanda basi hilo hilo, barua hii mfukoni.

Kama bado unasikia, usinishukuru. Nigombeze.

Mdogo wako,
Tobia