Mwanahawa, Nilikaa na Wanaofunga

Shoga yangu Mwanahawa,

Nianze na salamu, maana ningeingia moja kwa moja ungenisema: "Mchaga gani huyu, anavamia maneno kama anadai!" Habari za huko uliko? Huku sijambo. Sijambo ya kusema tu, lakini sijambo.

Neema ananipigia kutoka Mwanza kila Jumapili. "Mama, unaendeleaje na sukari?" Namwambia vizuri, basi anaridhika, tunaongea habari za wajukuu. Wewe ningekujibu hivyo ungenitazama kwanza, halafu ungesema, "Lete mkono nikupime, muongo mkubwa." Hakuna anayeniita muongo siku hizi. Leo nimefunga duka mapema, nimekaa kwenye kigoda kati ya majora ya mapazia, nakuandikia.

Duka lako limepata mpangaji. Mwanao wa Maskati alikuja kwa arobaini yako, akauza kanga zote kwa jumla, akarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Sasa wako vijana wanauza makava ya simu, wana spika inaimba kutwa. Si wabaya, wananiamkia kila asubuhi. Lakini mwanzoni nilikuwa nikimpata mteja mkorofi nanyanyua mkono nigonge ukuta, uje unisaidie kumsuta. Mkono unabaki hewani.

Unajua, miaka yote ile tulipakana ukuta na tulikuwa tunasalimiana tu kibiashara. Sukari ndiyo iliyotufanya mashoga. Nakumbuka siku ile kule Upanga, kwenye kliniki ya hospitali kubwa, nimejifunika mtandio nisionekane na mtu wa Kariakoo, nageuka hivi, wewe huyo pembeni yangu na wewe umejifunika. Ukasema kwa sauti, "Kumbe na wewe imekuingilia bila hodi!" Tulicheka mpaka nesi akatoka kutunyamazisha. Kuanzia hapo hatukwenda tena mmoja mmoja. Tukimaliza, tunapanda bajaji hadi Mchafukoge, kwenye ile hoteli ya chai, tunaagiza chai ya rangi bila sukari na kachori moja tunagawana, wewe unachukua kipande kikubwa halafu unaniambia nimshukuru Mungu umeniokoa.

Siku ya kukuzika nilikuja kwenu nimevaa kitenge. Jirani yako mmoja akanitanda kanga, akanisogezea mkeka. Nilikaa pale na wanawake wenzangu, wakisoma, mimi nikisema Baba Yetu moyoni kwa sababu ndiyo ninayoijua. Wanaume wakakubeba wakaondoka. Nilikusikia unavyopita mlangoni, kwa sauti zao tu. Na mimi nikarudi dukani.

Salma, mpwa wako, ndiye aliyenieleza ilivyokuwa. Alisema ulikuwa unameza vidonge vyote wakati wa daku, vya asubuhi na vya jioni pamoja, ili mchana usivifikirie. Hukuniambia hilo hata mimi. Alisema jioni ile ya mwisho ulikuwa unatetemeka, jasho linakutoka shingoni, akakuletea maji. "Bi Mkubwa, fungua." Ukamjibu, "Nimefika hapa, nishindwe na dakika chache? Magharibi hiyoo." Adhana ilipolia akakuta husikii. Hospitali wakasema sukari imeshuka mno, wakakutundikia dripu ya sukari. Sukari, Mwanahawa! Ile tuliyokuwa tunaikimbia miaka yote. Ikapanda kidogo, ikashuka tena, na moyo wako uliokuwa umechoka siku nyingi haukuweza.

Baada ya hapo kliniki ya Upanga nilikwenda mara moja tu. Wale wenzetu wa kwenye benchi wakaniuliza, "Mwenzio yuko wapi leo?" Nikawaambia. Wakasema pole, wakashika vichwa. Halafu akaja mwingine aliyechelewa, naye akaniuliza vilevile. Sikuweza kulisema tena. Nikachukua mkoba, nikatoka hata dawa sijachukua.

Nikakaa hivyo. Dawa zikaisha, nikanunua nusu nusu duka la dawa, siku nyingine sinunui. Macho yakaanza ukungu. Mteja mmoja, mke wa mchungaji, akanirudishia pazia. "Mama Neema, hili umekata upande, tazama." Nilitazama sikuona kosa. Akanihurumia, nikaona anavyonihurumia, ndipo nikaogopa.

Sasa nikwambie kilichobadilika. Alikuja binti mmoja dukani, amevaa fulana ya wahudumu wa afya ya jamii. Anaitwa Rehema. "Shikamoo mama." Marahaba. Akasema anapita nyumba kwa nyumba na duka kwa duka kutafuta watu wazima wenye sukari, kwa sababu sasa daktari bingwa na nesi wa sukari wanashuka wenyewe kwenye kituo cha afya cha kata yetu, kila wiki. Hakuna kwenda Upanga, hakuna kutafuta rufaa kwanza. Nikamwambia sina sukari. Akatazama ile mashine yangu ya kupimia iliyokuwa juu ya meza, imejaa vumbi. Hakunicheka. Akasema tu, "Mama, nitakupitia Alhamisi, twende wote." Nadhani ni hilo neno "wote" lililonitoa.

Kituo unakijua, pale tulipokuwa tunapeleka watoto kupimwa uzito. Wametoa chumba cha juu. Nesi anaitwa Tumaini, mnene, mcheshi, hana haraka. Aliniambia nivue viatu. Akachuchumaa, akashika miguu yangu, akapapasa kila kidole, akapitisha kitu kama uzi chini ya nyayo, "Unasikia? Na hapa?" Mwanahawa, nililia. Akadhani ameniumiza. Haikuwa hivyo. Ni kwamba tangu msiba wako hakuna mtu aliyekuwa amenigusa, zaidi ya kupeana mikono dukani. Aliona kidonda kidogo kisiginoni ambacho mimi sikuwa nakisikia. Wakakisafisha kila wiki, kimepona. Daktari akanibadilishia dawa, macho yamerudi, si kama zamani ila uzi naingiza kwenye sindano.

Ilipokaribia Ramadhani wakatangaza kikao cha wanaofunga. Mimi hakinihusu. Lakini nilikuwa nimekuja kuchukua dawa, nikasikia wanaitwa, miguu ikanipeleka. Nikakaa nyuma kabisa, Mkristo peke yangu. Walikuwa nesi Tumaini na shehe wa msikiti wa jirani. Shehe akasema mgonjwa ana ruhusa, na kukubali ruhusa ya Mungu si aibu. Nesi akasema atakayeweza kufunga lazima daktari ampangie dawa upya kabla, na mchana ajipime, kujipima hakuharibu funga. Kisha akasema, "Ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi, fungua hapohapo. Hata kama muadhini kashashika kipaza sauti."

Nilishika kiti cha mbele yangu.

Maneno machache hivyo. Mtu angekwambia mapema tu, kwa Kiswahili chepesi hivyo, mtu unayemheshimu. Sisi kule Upanga tulikuwa tunaandikiwa dawa na kuambiwa anayefuata, foleni nayo inafika getini. Siwalaumu, watu ni wengi. Lakini hakuna aliyewahi kukuuliza, "Mama, unafunga?"

Nesi akaniona. Akauliza, "Mama Neema, na wewe unafunga mwaka huu?"

Nikasema, "Hapana. Namsikilizia mwenzangu."

Wakacheka kidogo, wakadhani mwenzangu yuko nyumbani.

Halafu mama mmoja akanyoosha mkono, Bi Tatu, anakaa flati za huko Mchafukoge. Akasema, "Mimi nafunga kila mwaka na sijawahi kuona tabu. Vidonge namezea daku vyote, nalala zangu." Akasema kwa fahari, kama wewe vile. Sikujijua nimesimama. Nilisema, "Dada, usifanye hivyo." Kisha nikawaeleza habari zako zote, kuanzia daku mpaka adhana. Nilitaja jina lako mbele ya watu nisiowajua. Sauti ilinikatika mara mbili tatu, na shehe akaniambia, "Endelea, mama, tunakusikiliza." Nilipomaliza wakakuombea dua, chumba kizima. Bi Tatu akafungua mkoba, akatoa mfuko wa dawa, akampelekea nesi.

Daktari alimpangia upya, akamruhusu kufunga kwa sharti la kujipima. Bi Tatu akachukua namba yangu ya simu. Mfungo ulipofika katikati akanipigia alasiri, sauti inatetemeka, "Mama Neema, imeshuka. Nimebakisha kidogo tu." Nikamwambia, "Kula tende, Bi Tatu. Kula sasa hivi, nakusikiliza." Nilimsikia akitafuna na kulia. Nikafunga duka, nikaenda kukaa naye. Aliona haya kunitazama, mfungo umekatika nusu saa kabla ya wakati. Tukakaa mpaka adhana ikaita. Yuko hai. Jana kanisalimia pale kituoni.

Usidhani nimepata shoga mwingine. Bi Tatu ni mtu mwema, anaongea taratibu, hana utani kabisa. Siku ya Idi alinitumia sahani ya pilau, nimeshukuru, nikala kidogo kama tulivyofundishwa. Lakini kula peke yangu kwenye siku yenu, nikisikia watoto wa jirani wanapigiana baruti za karatasi, hilo sikulizoea na sidhani nitalizoea. Watu hudhani upweke ni kukosa watu. Mimi Kariakoo nasukumwa na watu kuanzia asubuhi. Aliyekosekana ni mmoja.

Mwanahawa, nesi Tumaini ameniomba mwakani nije tena niwaambie habari zako kabla ya mfungo. Nimekubali. Mimi sifungi, lakini kila mwaka nitakaopewa nitakuwepo, nitalitaja jina lako kwa sauti, na kama yupo anayefanya ulivyofanya, atanisikia. Na mimi mwenyewe nitameza dawa, nitavua viatu nikaguliwe, nitakula kwa saa zake, hata siku ambazo hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Sijui kwenu mnaagaje mtu aliyekwisha kwenda. Mimi nakuaga kama ulivyokuwa jirani: haya, funga mlango, shoga, upumzike. Mimi nabaki. Sina raha ya kubaki, nakwambia kweli, lakini nabaki.

Wako,
Mama Neema