Namba ya Pete ya Mbele

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisumbua. Vipi afya yako na baridi ya huko?

Nina ombi, na safari hii usinizungushe. Kiwanda cha Wajerumani kilichotengeneza lenzi ya kamera niliyoachiwa na marehemu babu yako kiko mji huohuo unakofanyia kazi. Nenda wakupe cheti kwamba namba niliyoandika nyuma ya barua ni ya lenzi ya kabla ya vita. Picha yake hii hapa. Miaka kumi na tisa baba yako mdogo anatangaza kwamba nilimbadilishia lenzi yake ya baada ya vita, na miaka kumi na tisa hatusalimiani. Nimechoka. Cheti kikifika nitakibandika mlangoni pa studio yake ya picha.

Baba

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini goti lina nafuu. Mimi sijambo, ila hasira.

Kiwanda kilishafungwa, Baba. Kimebaki chumba cha daftari zake za zamani, kinafunguliwa Jumanne tu, na Jumanne niko zamu. Nimebadilishana zamu mara tatu. Mama anayetunza daftari ameipata namba: lenzi ya kabla ya vita, kioo kitupu. Nikadhani tumemaliza. Alipoiona picha akakataa kuandika cheti, kwa sababu kioo chako kinang'aa zambarau, rangi ya utando ambao lenzi za kabla ya vita hazikupakwa. Anasema pete ya mbele yenye namba hufunguka, na chini yake mafundi walikwaruza tarakimu tatu za mwisho za namba ya lenzi yenyewe. Ifungue uzisome.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima. Mwambie huyo mama nilianza kufungua lenzi kabla hajazaliwa. Namba hiyo naikumbuka kuliko siku uliyozaliwa. Sifungui kitu.

Baba

30 Mei

Shikamoo Baba,

Wiki saba kimya. Kama ni goti, pole sana. Kama ni ile pete, ifungue tu, Baba. Wenzangu kazini wakiniona wanajificha, wanajua nataka kubadilishana zamu.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo.

Niliifungua siku ileile niliyokuandikia kwamba siifungui. Tarakimu za ndani si sawa na za pete. Nikakumbuka miaka kumi na tisa iliyopita, lenzi zote mbili alizotuachia babu yako zilipoota ukungu. Zinafanana umbo. Baba yako mdogo aliniletea ya kwake niisafishe, maana fundi ni mimi. Nilizifungua zote meza moja, pete nikazirudisha kwa mikono yangu hii, kisha nikagawa kwa kusoma namba. Alipolalamika kwamba ile si yake, nilimwonyesha namba nikamwita mwongo mbele ya wateja wake.

Jana nilikwenda kwake na lenzi yangu. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alizifungua pete kwa kipande cha mpira, akazibadilisha, akanisogezea ile ya kabla ya vita. Kisha akauliza, "Kaka, rangi ya kioo hukuiona?"

Nilikuwa naiona kila siku, mwanangu. Picha zilikuwa zinatoka nzuri, nikanyamaza.

Cheti usikifuatilie tena. Baba yako mdogo anakusalimia. Amekaa hapa anasoma ninachoandika, anauliza mbona sijaandika kwamba nimeomba radhi. Nimeomba. Anasema niandike kwa herufi kubwa.

NIMEOMBA.

Baba