Kompyuta si Pasi

Shoga Tahmina, kompyuta yako usimpelekee fundi Shahzaib! Nakuonya mapema.

Binti yangu Rumaisa alimpa yake aiongezee prosesa kasi, amalize video za harusi za watu. Dukani ikawaka vizuri. Nyumbani, kila asubuhi akiiwasha, kasi imerudi ileile ya zamani! Wateja wanamfokea mwanangu, wengine wamehama.

Tukamrudia nayo. Mbele ya duka zima akasema, "Mama, si wewe unayechomoa waya kila jioni? Kompyuta si pasi!" Watu wakacheka. Pasi! Mimi!

Nani hapa Multan hachomoi waya, na umeme wetu huu?

Rumaisa akachukua bisibisi. Akaifungua palepale, akatoa ile betri ndogo kama kifungo, inayotunza mipangilio waya ukichomolewa. Ina kutu! Yetu ilikuwa mpya, kaitoa fundi huyo. Rumaisa akaweka nyingine, akairudisha ile kasi, akachomoa waya, akawasha tena. Kasi ipo!

"Labda zilichanganyika, dada," fundi anababaika.

Labda!

Sasa sikia. Video ya harusi ya Shahzaib anaitengeneza nani? Rumaisa! Pale farasi alipombwaga na kilemba chake, nimemwambia airudie mara tatu, polepole. Ukoo wake mzima umealikwa Ijumaa kuitazama.

Pasi, eti.