Goti la Kulia na Barabara ya Port Bell

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mengo hadi bandari ya Port Bell, kilomita kumi na mbili: saa moja na dakika thelathini na nne. Miaka kumi iliyopita tulitumia dakika sitini na tisa. Swaib, mwenzangu wa mbio, amepunguza mwendo tena. Nilimwonea huruma, sikusema. Goti langu la kulia limevimba — hilo pia sikulisema.

Leo nimeukumbuka sana mwaka 1988. Petroli ilikuwa adimu, na Swaib, mpakiaji wa mabehewa ya treni melini pale bandarini, alikwenda kazini mbio. Kila alfajiri alipita mbele ya nyumba yetu, viatu vya turubai, chakula cha mchana kimefungwa kiunoni. Asubuhi moja nikamfuata kwa udadisi tu. Hakuniuliza jina mpaka tulipofika Bugolobi. Ziwa lilipoonekana, alikuwa ameshanipanga kwa kesho yake.

Jumanne, 5 Agosti

Daktari Akwero. Nilimfundisha jiometri, leo yeye ndiye aliyenichorea. Gegedu la upande wa ndani wa goti limesagika.

Nikamweleza, kwa fahari kidogo, desturi yetu: vilima tunavipanda tukitembea, miteremko tunaiachia miguu ikimbie yenyewe, ili magoti yapumzike. Akaweka kalamu chini. Kupanda, alisema, kunachosha mapafu. Kinacholisaga goti ni kuteremka. Miaka thelathini na saba tumeyahurumia magoti mahali yasipohitaji huruma! Hoja safi, juu ya dhana isiyopimwa. Mwanafunzi ningemnyima alama.

Masharti: mbio za barabarani, sasa basi. Mazoezi ya misuli ya paja. Kuswali kitini hadi uvimbe upungue.

Salme anasema nimwambie Swaib leo hii. Mke wangu hajui ananiomba nini. Nje ya barabara ile na safu za msikitini, mimi na Swaib hatujawahi kukaa pamoja hata nusu saa. Hajaketi sebuleni kwangu, wala mimi kwake. Zikiisha mbio, sijui kitakachobaki.

Ijumaa, 8 Agosti

Msikitini. Viti vimepangwa nyuma. Swaib alikuwa safu ya pili, amenishikia nafasi. Kuketi kitini kungekuwa tangazo. Nikaenda safu ya pili.

Sijida ya rakaa ya kwanza nilishuka. Kuinuka sikuweza. Watu wote wamesimama, mimi nimemaliza swala chini, kati ya miguu yao.

Nje, tukivaa viatu, aliniuliza tangu lini. Nikamweleza yote, hata kosa la miteremko. Hapo alicheka, akasema basi tulikuwa wajinga wawili. Kisha:

“Mimi najua tangu mwaka ya jana, Mwalimu. Ulikuwa unavuta ile mguu. Kwani ulidhani napunguza mwendo kwa nini? Magoti yangu mimi iko sawa kabisa.”

Nimerudi nyumbani, nimefungua daftari la mbio. Tarehe 12 Januari: “Swaib achoka mapema.” Tarehe 18 Mei: “Umri unamshika.” Mwandiko wangu mwenyewe, nadhifu, uliopigiwa mstari.

Kabla hatujaachana nilikuwa nimemwambia Jumapili aende peke yake. 

Jumapili, 10 Agosti

Saa moja kasorobo asubuhi, hodi. Swaib — kanzu, viatu vya ngozi. Hakuja kukimbia.

Ameketi sebuleni, kwenye ukingo wa kochi, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Amesifu pazia. Nimemuuliza habari za mvua, amesema imenyesha. Nilijua kwamba imenyesha. Barabarani tulinyamaza kilomita nne nzima, na haikuwa kitu. Hapa dakika moja inanitoa jasho.

Nimeingia chumbani nikisingizia kutafuta miwani, nayo nimeivaa. Namsikia Salme akimuuliza sukari vijiko vingapi. Vinne, anasema. Vinne! Miaka thelathini na saba sikuwa na habari hiyo.

Salme amerudi jikoni.  Sasa kochi limelia: ama amesimama, ama hatimaye ameegemea — toka hapa nilipo siwezi kujua. Naweka kalamu chini, narudi kuketi naye.